Usaili Ndani ya Eda

Sehemu ya Tisa

Katika wasimulizi wote wa ukanda huu, toka Somanga mpaka Lindi mjini, hakuna anayejua kukata hadithi mahali patamu kama mimi. Wiki iliyopita niliikata mlango ukifunguka, na muuza vitumbua akanisimamisha njiani kuniuliza ni nani aliyeingia. Nikamjibu kwa madaha kwamba avute subira, huo ndio ufundi. Ukweli ni kwamba karatasi iliniishia, na mwenyewe nilikuwa sijaamua.

Sasa nimeamua. Aliyefungua mlango ni Bi Somoe, mama mkwe.

Nawe unayetusoma leo kwa mara ya kwanza, usihangaike. Mwalimu Mwanaasha yumo eda nyumbani kwa wakwe zake, Kitomanga, tangu mumewe Ismaili alipofariki. Simu yake kubwa imeshikwa na shemeji yake Abdulrazak, eti isimsumbue mfiwa. Ile ndogo, kitochi alichoingiziwa kwa siri na shoga yake Mwalimu Fortunata, imefukiwa kwenye ndoo ya mchele. Na mlango ulipofunguka, ndoo ilikuwa inalia.

Mwanaasha akaikalia.

Haikusaidia. Kitochi hakijui kuwa kimekaliwa. Kikaendelea kulia chini yake kama mtu aliyezibwa mdomo kwa mto.

"Mchele wako unaita," alisema Bi Somoe.

"Mchele gani, mama?"

"Huo ulioukalia. Mimi nimepika wali miaka hamsini, mchele wangu haujapigiwa simu hata siku moja. Inuka upokee, mwenzio atakata."

Mwanaasha akainuka. Alikuwa ameshajiandaa kutukanwa, na kwa matusi angejua la kufanya. Huruma hakuitegemea. Akachimba mchele mpaka kiwiko.

"Shoga!" Ilikuwa sauti ya Fortunata, lafudhi ya Kimatumbi imejaa mdomoni, kama anavyokuwa akifurahi. "Niko Lindi, nimeleta karatasi za shule. Orodha ya usaili imebandikwa tangu Ijumaa. Umo! Jina lako la nne!"

"Usaili lini?"

"Kesho Jumatano, saa nne asubuhi. Vyeti halisi mkononi."

"Waambie wanihoji kwa simu. Wanajua kwamba nimefiwa."

"Nimewaomba, wamekataa. Wanasema mwaka juzi walihoji kwa simu, wakampa ufadhili wa wanawake bwana mmoja mwenye sauti nyororo. Tangu hapo wanataka kuona mtu."

"Basi wanisogezee mpaka Jumamosi."

"Kesho ndiyo mwisho, Mwanaasha. Jioni wanafunga mafaili wanarudi Dar."

Salio la Fortunata likakata maneno hapo hapo.

Kitochi kina sauti kubwa kuliko umbo lake, hivyo Bi Somoe alikuwa ameshasikia yote. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akakunja kanga yake magotini.

"Ni ule ufadhili wenu? Wewe na Ismaili?"

"Ndiyo, mama."

Ulikuwa wao kweli. Ismaili ndiye aliyeliona tangazo: mwanamke mwenye shahada ya kwanza ya sayansi, asiyezidi miaka thelathini na mitano, alipiwe kila kitu miaka miwili asomee shahada ya uzamili, na mwenye mtoto, kama yeye, aende naye. Ismaili ndiye aliyemshikia tochi akijaza fomu, umeme ulipokatika. Kwenye fomu Mwanaasha aliandika kwamba atachunguza ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaoyakausha maua ya mikorosho kabla hayajazaa, ambao watu wa Kitomanga wanaupiga dawa ya salfa kila mwaka na kila mwaka wanakohoa. Wiki tatu baadaye pikipiki ikamwangusha Ismaili barabarani, na fomu ikawa imeshakwenda.

Mwezi wa tisa Mwanaasha anatimiza miaka thelathini na sita. Kwa ufadhili huu, kesho ndiyo mara yake ya kwanza na ya mwisho.

Wala msimfikirie vibaya. Eda hakuwekewa kwa bakora. Aliikaa mwenyewe, kwa mapenzi ya mumewe, na asingeikata hata kwa saa moja. Miezi hii yote hajajitia manukato. Kioo kimegeuziwa ukutani. Dirisha limepigwa kanga misumari minne, na chini yake pamebaki upenyo wa vidole viwili, basi dunia nzima ameiona kwa upenyo huo, kuanzia magoti kwenda chini. Siku hizi anawajua watu wa Kitomanga kwa visigino.

Lililomkaba siyo eda. Lililomkaba ni Ijumaa.

"Abdulrazak amesema natoka Ijumaa," alisema. "Usaili ni kesho. Sikujaaliwa, mama. Basi."

"Ijumaa ya nani?" Bi Somoe akasimama. "Ijumaa hiyo kaitoa wapi?"

"Kwenye kalenda."

"Kalenda ya duka la matairi! Eda inahesabiwa kwa matairi?"

Akatoka mbio kwa kadiri magoti yalivyomruhusu, akarudi na kopo la maziwa ya unga, kuukuu, kifuniko kimepinda.

"Mwanangu, mimi nakuhesabia tangu siku ya kwanza, kama mama yangu alivyonihesabia mimi. Kila mwezi wa juu unapotimia, natia korosho. Zikifika nne, naanza kutia punje ya mahindi kila siku. Punje tisa zimo. Ya kumi naitia leo jua likizama. Unatoka leo!"

Mwanaasha akamshika mikono. Leo! Magharibi aoge, alfajiri awe barabarani, na saa nne awe Lindi na vyeti vyake.

Mlangoni pakasikika kikohozi.

Kilikuwa kimoja kati ya vile vikohozi vinavyotangulia mbele ya mtu muhimu. Chini ya pazia la mlango vikaonekana visigino viwili vilivyopakwa mafuta.

"Hodi, shemeji. Nimesikia kelele. Nani anatoka leo?"

Abdulrazak huyo. Kaka wa marehemu Ismaili, mwenye shamba kubwa na sauti ndogo, anayeswali safu ya mbele na kugeuka kuona nani yuko ya nyuma.

"Mkwe wangu anatoka leo," alisema Bi Somoe. "Hesabu imetimia."

"Mama, hesabu ninayo mimi." Kikasikika kishindo cha karatasi ngumu: ameibeba kalenda yenyewe. "Miezi minne na siku kumi. Nimeizungushia kalamu nyekundu. Ijumaa. Mimi simzuii mtu, nazuia dhambi. Atoke kabla ya hesabu, halafu mimi nikaulizwe kaburini?"

"Na mimi nina kopo."

"Lete kopo."

Bi Somoe akapenyeza kopo nje ya pazia kwa mkono ulionyooka. Korosho zikagonga bati.

"Mama," alisema Abdulrazak polepole, "korosho ziko tatu."

"Nne."

"Moja. Mbili. Tatu. Na punje tisa."

"Nne, Abdulrazak! Nimezitia kwa mkono huu!"

"Basi njoo uhesabu."

Bi Somoe akatoka. Mwanaasha akabaki nyuma ya pazia. Akasikia kopo likimwagwa kwenye mkeka. Akasikia pumzi ya mama mkwe wake ikiingia na kutotoka.

"Lo," alisema Bi Somoe.

"Lo nini, mama?"

"Siku ile ya mvua..."

"Siku ile ya mvua nini?"

"Njaa iliniuma, mwanangu. Siwema mkeo alikuwa hajapika. Nikaona korosho imebanguliwa, safi. Nikala. Nilisema nitairudishia nyingine, nikasahau."

Ndiyo hivyo, wasomaji wangu. Mwanamke alipewa mwezi wa kutunza akautafuna.

Abdulrazak hakucheka. Angecheka, pengine ingekuwa afadhali.

"Basi hata Ijumaa yangu nimeharakisha," alisema. "Kwa hesabu yako, mama, miezi ni mitatu. Shemeji bado ana mwezi mzima ndani. Tufuate ya kwako, wewe ndiye mkubwa."

Mwezi mzima! Mwanaasha akakaa chini pale pale aliposimama. Kuta zilikuwa zile zile, lakini aliziona zimesogea. Kabla ya kopo alikuwa amekosa siku tatu, sasa amekosa thelathini. Kila aliyemfungulia mlango leo alikuwa amemfungia mwingine nyuma yake.

Na visigino havikuondoka.

"Shemeji, unanisikia?" Sauti ilikuwa imeshuka, laini kama uji. "Usilie kwa ajili ya karatasi. Una kazi, una mtoto, una watu. Kwetu mke wa ndugu haachwi akatangatanga. Siku yako ikifika, mimi mwenyewe nina jambo la kukuambia. Leo siwezi, maana wewe umo eda na dini hairuhusu. Lakini wewe ni msomi, utakuwa umeelewa."

Alikuwa ameelewa. Alikuwa ameelewa tangu mwezi wa pili, siku Abdulrazak alipopitisha chini ya pazia kitambaa cha gauni, na akakirudisha kwa njia ile ile.

Hapo Mwanaasha akaacha kulia. Akafanya jambo ambalo hajalifanya tangu aingie chumba kile: alipandisha sauti yake ya darasani.

"Mama! Naomba aitwe Maalim Abdurahmani."

"Wa nini tena?" alisema Abdulrazak. "Mzee wa watu amepumzika."

"Ndiye aliyemzika Ismaili. Hesabu yake naikubali, hata akisema mwaka. Wewe utaikubali, shemeji?"

Mtu wa safu ya mbele atasemaje kwamba hamkubali imamu wake? Abdulrazak akameza mate mpaka yakasikika.

"Nitaikubali."

Aliyetumwa ni Siwema, mke wa Abdulrazak. Mwanamke mkimya, mrefu, anayetembea bila kandambili zake kusikika. Alikuwa jikoni wakati wote huo. Aliondoka bila kuuliza anaitwa nani na kwa nini, jambo ambalo mumewe angelitilia mashaka, kama angekuwa na mazoea ya kumtazama.

Maalim Abdurahmani alifika baada ya swala ya alasiri, fimbo mkononi. Akaketi barazani. Pazia likaachwa limeshuka, Mwanaasha upande wa ndani.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba. Haya, nani kapoteza siku?"

Abdulrazak akamkunjulia kalenda, miduara myekundu yote. Bi Somoe akamsogezea kopo, macho yake yakitazama pembeni. Maalim akavitazama vyote viwili kwa zamu, kama mtu aliyeletewa sinia lenye kiatu na kijiko.

"Viondoeni," alisema. "Juzi Jumapili tulikuwa wapi?"

"Kwenye Idd," alisema Abdulrazak.

"Idd ya kuchinja inaswaliwa mwezi ngapi, kwa tarehe za mwandamo?"

"Mwezi kumi, Mfunguo Tatu."

"Leo basi mwezi ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na Ismaili alifariki asubuhi ya mwezi pili Shaabani. Nimeiandika mwenyewe. Haya, twende. Mwezi pili Shaabani mpaka mwezi pili Ramadhani, mmoja. Mfunguo Mosi, wa pili. Mfunguo Pili, wa tatu. Mfunguo Tatu, wa nne. Ongeza siku kumi, umefika mwezi kumi na mbili." Akagonga fimbo sakafuni. "Leo. Eda ni ya mwezi wa mbinguni, Abdulrazak. Huo wa ukutani ni wa kulipia kodi. Jua likizama, binti huyu katoka, aoge, aende anakotaka."

Bi Somoe akapiga kigelegele, akakikata katikati alipokumbuka kwamba jua bado lipo.

Ndani ya chumba Mwanaasha aliishika nguzo ya kitanda kwa mikono miwili. Umetoka, alijiambia. Umetoka, Mwanaasha.

"Alhamdulillahi," alisema Abdulrazak, na akalisema vizuri. "Nimekubali, maalim. Mimi nilikuwa nachunga tu. Shemeji, oga, vaa, tembea. Ila nauli ya Lindi usijisumbue nayo."

"Kwa nini?"

"Nilisita kukwambia, maana mfiwa habebeshwi habari mbaya. Watu wa ufadhili walipiga jana kwenye simu yako. Nikapokea mimi. Wamesikitika sana, nafasi zimejaa. Wamesema ujaribu mwakani."

Mwakani.

Bi Somoe akakaa kwenye kizingiti. Mwanaasha aliiachia nguzo ya kitanda. Mlango ulikuwa wazi, nusu saa tu imebaki jua lizame, na hapakuwa tena na pa kwenda. Kufungiwa ndani alikuwa amekuzoea. Kufungiwa nje hakukuzoea.

Akataka kulala kifudifudi mpaka Ijumaa ya duka la matairi ipite.

Lakini mwalimu wa baiolojia ana ugonjwa mmoja: akipewa jibu, anataka kuona limetoka wapi. Leo mchana Fortunata alisimama mbele ya orodha. Jina la nne. Mtu aliyekosa nafasi jana, jina lake linafanya nini ukutani leo?

"Shemeji, aliyepiga ni nani?"

"Mwanamke. Sikumbuki jina."

"Alisema nafasi zimejaa? Kwa maneno hayo?"

"Maneno hayo hayo."

"Basi nimpigie nimshukuru."

"Saa hizi ofisi zimefungwa, shemeji. Tena simu yako haina chaji."

"Ninayo nyingine," alisema Mwanaasha.

Visigino vikaruka kidogo.

Fortunata alikuwa amemwandikia namba ya ofisa kwenye kipande cha daftari, tangu siku ile alipoleta kitochi. Mwanaasha akabonyeza vitufe, kimoja kimoja, kidole kikiteleza kwa jasho. Kisha akabonyeza cha sauti ya nje, akapitisha mkono chini ya pazia, akaiweka simu sakafuni, katikati ya baraza, mbele ya fimbo ya maalim.

Ikaita. Ikaita tena.

"Hajapokea," alisema Abdulrazak. "Nilisema..."

"Haloo, Magdalena hapa. Mfuko wa ufadhili."

"Habari za jioni, dada. Ni Mwalimu Mwanaasha Rehani, wa Kitomanga."

"Oo, Mwalimu!" Sauti ilichangamka, halafu ikasita. "Kwanza pole sana na msiba. Na pia... nakupa hongera."

"Hongera ya nini?"

"Ya ndoa."

Barazani fimbo ya maalim ikaanguka.

"Ndoa gani, dada Magdalena?"

"Jana nilikupigia kukuthibitishia usaili. Akapokea mumeo. Akasema mmefunga ndoa wiki iliyopita na umejitoa kwenye masomo. Mimi nikashangaa kidogo, maana jina lako lilikuwa la nne katika themanini. Lakini mume akishasema, sisi tufanyeje? Nafasi yako nimempigia mtu wa akiba."

"Mume wangu alifariki Shaabani."

Sauti ya simu ikaja taratibu, imebadilika.

"Subiri. Huwa naandika kila simu. Hii hapa, jana, saa tisa na robo. 'Nimeongea na mume, Bwana Abdulrazak. Amekataa mke asome.'"



Maalim Abdurahmani ndiye aliyeanza, na hakupandisha sauti.

"Abdulrazak. Wiki iliyopita binti huyu alikuwa ndani ya eda. Kwa kalenda yako wewe, hata sasa hivi yumo. Ndoa ndani ya eda si ndoa. Nani kakufungisha? Shahidi wako nani?"

"Maalim, yule mama hakusikia vizuri. Mtandao..."

"Nilisikia vizuri sana," alisema Magdalena kutoka sakafuni. "Hata nilimwomba arudie."

"Nilisema... nilimaanisha baadaye. Nia. Nilizungumzia nia."

"Leo mchana ulisema mbele yangu kwamba dini hairuhusu hata kumwambia!" alifoka Bi Somoe. "Jana ulikuwa umeshamwoa, leo ukaona haya kumposa?"

"Mama, tuliza sauti, watu wanasikia."

"Dada Magdalena," aliita Mwanaasha, na sasa alikuwa amesimama, pua yake inagusa pazia. "Sijaolewa na mtu. Sijajitoa. Saa nne kesho nitakuwa hapo."

"Mwalimu, nakuamini. Ila faili haliniamini mimi. Kwenye karatasi kuna neno la mume, na aliyetia neno ndiye anayelitoa. Huyo wa akiba nimemwahidi kumthibitishia saa kumi na mbili jioni hii. Bwana huyo akiniambia mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba si mumeo na alinidanganya, nalifuta sasa hivi. Yupo hapo?"

Chini ya pazia Mwanaasha aliona visigino vile vilivyopakwa mafuta vikirudi nyuma, hatua moja, mbili, kuelekea ngazi.

Vikasimama. Nyuma yake, kwenye ngazi, palikuwa na miguu mingine, mirefu, isiyosikika ikitembea, na pembeni yake sinia la chai likawekwa chini bila kikombe kugongana.

Siwema akainama, akaiokota simu, akampelekea mumewe mpaka mdomoni.

"Sema, bwana," alisema Siwema. "Nami nataka kujua kama nina mke mwenza."

"Nakusikiliza, Bwana Abdulrazak," simu ikasema. "Zimebaki dakika nane."